Mzee Aliyevuma Kifuani mwa Gibson

Mama mkwe wangu, ambaye boma lote humwita kogo, yaani nyanya, alikuwa na raha moja iliyoniudhi. Kila jioni baada ya kukamua, alimvuta mwanangu Gibson mapajani, akalaza sikio kifuani mwake na kufumba macho. Kifua cha Gibson kilivuma. Hakikudunda tu kama changu na chako. Kilivuma mfululizo, na ukiweka kiganja ulihisi kikitetemeka.

Kwa kogo hapakuwa na la ajabu. Gibson alipozaliwa, akina mama wazee waliketi wakaita majina ya marehemu wa ukoo, wakingoja mtoto apige chafya, maana chafya ndiyo huonyesha ni nani amerudi. Akapiga chafya kwa jina la Kiplangat, marehemu mume wa kogo, aliyezoea kuvumisha wimbo puani akikamua ng'ombe. Mimi niliona tumbaku ya kunusa kidoleni mwa kogo, karibu na pua ya mtoto, lakini nilikuwa ningali mgeni pale nyumbani, nikanyamaza. Tangu siku hiyo akamwita mtoto "mzee wangu".

"Sikia, Chepkurui," angeniambia. "Anakamua."

Kusikia nilisikia. Nilichotaka kujua ni mbona mzee haishiwi pumzi, ilhali Gibson, tukienda kuchuma majani chai, hapandi kilima hata kimoja bila kuketi katikati ya mistari, midomo imefifia. Udadisi umenipatia viboko vingi tangu utotoni, na bado sijapona. Nikampeleka hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu.

Daktari Mwihaki alimpaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa chake, na moyo wa mwanangu ukatokea kwenye skrini, ukijifungua na kujifunga. Nilisahau hofu. Niliuliza maswali mpaka akacheka. Moyo, alisema, una mishipa yake midogo inayoulisha damu. Mmoja wa Gibson uliumbika vibaya tangu tumboni mwangu: ulijiunga moja kwa moja na chumba cha moyo, na damu ilipopita hapo kwa kasi ndipo ikavuma.

"Tutapitisha waya mwembamba kwa mshipa wa mguu, tuzibe hapo," alisema. "Tukikawia, moyo utachoka."

Weldon, mume wangu, hakutaka kutia sahihi bila neno la mamake. Na mamake alikataa katakata. "Mnataka kuziba mdomo ya mzee wangu?"

Nilikasirika. Mtoto anaishiwa pumzi, nao wanalinda wimbo! Lakini kugombana na kogo hakujawahi kumfaidi mtu kwetu. Nikamwomba jambo moja tu: aje amwone huyo mzee kwa macho yake.

Alikuja hospitalini amejifunga kitambaa chake cha kanisa. Aliitazama skrini, rangi nyekundu na buluu za damu zikikimbizana, halafu akamuuliza daktari, "Hii damu inapita hapa, ilikuwa iende wapi?"

"Kwa nyama ya moyo, kogo. Ndio chakula yake."

"Na haifiki?"

"Inafika kidogo. Akipanda kilima, haitoshi."

"Kwa hivyo moyo ya mtoto inalala njaa, na huyu anakunywa?"

"Ni kama hivyo."

Kogo alitazama tena. Niliiona hasira ikimpanda. "Kiplangat alikuwa anakamua, anapea watoto kwanza. Yeye anakunywa ile imebaki, na kama haijabaki, analala hivyo. Huyu si yeye." Akamgeukia Weldon. "Tia sahihi. Sijui huyu ni nani, lakini atoke."

Gibson alirudi nyumbani na plasta ndogo juu ya paja. Jioni kogo akamvuta kama kawaida, akalaza sikio. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maziwa, na kwa kweli nilimhurumia. Alisikiliza muda mrefu, machozi yakimtiririka.

"Kogo, mzee ameenda?" Gibson akauliza.

"Hakuwa hapa."

"Sasa unasikia nani?"

Kogo hakuinua kichwa. "Gibson," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mwanangu kwa jina lake.