Meza Iliyopoteza Umri Wake

Waliaula alikuwa amelala chali chini ya meza ya watu, akilamba kidole na kusugua ubao. Asiyemjua angedhani njaa imempanda kichwani, kumbe anatafuta jina la mti.

"Umepata kitu huko, fundi, ama umelala?" Mama Winny aliuliza.

"Nakula lunch, Mama."

Kwa juu, meza ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ile ya milango ya zahanati. Lakini chini ubao ulikuwa mtupu, mweusi kama chai ya rangi, umejaa alama za tezo, chombo cha wachongaji wa zamani. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Miguu ilishikwa na vijiti vya mbao. Waliaula aliukwaruza ubao kwa patasi. Unjano ukachungulia.

"Ni mvule," alisema akijitoa. "Nilidhani ni saiprasi iliyodanganywa na rangi."

"Nilikwambia. Nyinyi watu wa Bungoma hamwaminigi mtu." Mama Winny aliipapasa meza. "Babangu alirithi hii kule Pap Onditi. Shangazi zangu, mimi mwenyewe, wachumba wetu wote walikula hapa. Jumamosi ni zamu ya Winny, na sitaki wakwe waje kula juu ya zahanati."

"Juu nitatoa kijani. Tumbo tuliache. Umri wake uko hapo."

"Umri wa nini? Wale wazee huwajui. Wakishiba wanainama kuchungulia meza imeundwa vipi. Piga randa yote, baba, mpaka miguu."

Meza si yake. Waliaula aliwasha randa ya umeme. Kijani kiliruka, kikafuata cheusi, kisha alama za tezo zikaondoka, na kufikia saa tisa ile ajuza ilikuwa imesimama kando ya barabara njano tupu, kama imezaliwa asubuhi hiyo. Fundi mwenyewe alirudi nyuma hatua tatu kuiangalia. Aliona raha, tusifiche.

Pikapu ilisimama. Walishuka wanaume wawili wenye jaketi za kijani za watu wa misitu, mnene na kijana.

"Mvule mbichi," mnene alisema. "Kibali cha kukata mti kiko wapi?"

"Mkubwa, hii ni meza ya zamani. Ni ya mama mmoja, nimeikwangua leo."

"Ya zamani inang'aa hivi?"

"Angalia hivi vijiti. Nani anaunga meza na vijiti siku hizi?"

"Wewe. Si uko na patasi?"

Waliaula alichota vipande vya rangi ya kijani chini, akavinyoosha mkononi. "Hii ndiyo ilikuwa juu yake."

"Hizo ni takataka, fundi. Mimi nimeomba karatasi."

"Mti ulikatwa kabla babake huyo mama hajazaliwa. Karatasi ningeitoa wapi?"

"Basi umekubali ulikatwa," mnene alisema, akaandika.

Waliaula alimpigia Mama Winny. Simu iliita mpaka ikachoka. Mama alikuwa sokoni akitafuta kuku wa wageni. Fundi aliuliza meza inapelekwa ofisi gani. Akaambiwa ofisini. Alipewa kijikaratasi: *mbao mpya, kipande kimoja*. Akaweka sahihi, maana bila sahihi wangebeba na randa.

Wale wawili walijaribu kuiinua meza, ikawashinda. Mvule hauna utani. Kijana aliukamata mguu mmoja aiburute kwenye kokoto.

"Wacha," Waliaula alisema. "Utaichubua."

Akashika upande mzito mwenyewe. Wakaipandisha kwenye pikapu, yeye akatandika gunia chini yake, akaifunga kwa kamba yake mwenyewe.

Mnene alikuwa ameshaingia ndani. Kijana alibaki nyuma akipitisha kiganja kwenye ubao, taratibu, kama mtu anayepima mahali pa kuiweka nyumbani kwake.

"Umechapa kazi, fundi. Sasa hii inapakwa nini ndio itulie?"

Waliaula alitaka kusema lami. Simu ikaanza kulia mfukoni. Mama Winny. Aliiacha ilie.

"Msasa laini kwanza," alisema. "Halafu vanishi, mara tatu. Kila mara ngoja ikauke." Akakaza kamba. "Na usiipake juani, itafanya malengelenge."