Mtoto Aliyepona

Mtoto alikohoa, akatemea kitambaani, akakikunja upesi shangazi yake asione. Shangazi alishaona damu.

Walikuwa mbele ya mkuu wa kliniki ya kifua kikuu. Miezi minane mtoto amemeza vidonge bila kukosa hata siku moja. Juzi daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa alimwingiza mpira wenye kamera kooni, akakuta si kifua kikuu hata kidogo: ni uvimbe wa pafu, mdogo kama punje ya mahindi, umekaa kwenye njia ya hewa. Ni nadra kwa watoto, alisema, lakini ukikatwa sasa pafu litabaki. Akampa nafasi ya upasuaji kesho asubuhi. Kilichobaki ni barua ya rufaa kutoka kliniki, na bila hiyo hospitali haimlazi.

"Niandike nini, dada?" Mkuu aligeuza daftari. "Soma mwenyewe. Amemaliza dozi. Amepona."

"Anatema damu, daktari."

"Nikiandika uvimbe, maana yake tumemtibu ugonjwa asio nao. Na leo wageni wa wizara wanakuja kutupongeza. Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Una maneno wewe!" Akacheka kweli.

Barua ya mistari mitatu tu, jamani! Shangazi alitamani kuipindua ile meza. Badala yake alipiga magoti, akajichukia, akabaki hapo hapo.

"Inuka, usinitie aibu. Wageni wanataka kumwona mtoto aliyepona. Apige nao picha. Wakiondoka tutaongea habari ya barua."

"Utaandika?"

"Nimesema tutaongea."

Saa nane magari yakaingia. Sista wa kliniki alimvalisha mtoto fulana mpya iliyoandikwa NIMEPONA, akamnyang'anya kitambaa. Wageni wakajipanga, mkuu katikati, mkono wake begani kwa mtoto.

"Shangazi," mtoto alinong'ona, "kinakuja."

"Kibane, mwanangu. Kidogo tu."

Akakibana. Mashavu yakamvimba, machozi yakamtoka. Kamera ikalia, na kikohozi kikamshinda.

Wageni walirudi nyuma hatua moja. Mkuu akatazama saa yake.

"Huyu mtoto hakutulia," mpiga picha alisema. "Turudie?"

Shangazi alichuchumaa, akamfuta mtoto damu midomoni kwa upindo wa gauni lake, akamgeuza uso kwenye kamera.

"Cheka, mama," alimwambia. "Cheka vizuri."