Nipe Mji Nifukie Taka

Mwanangu ni fundi wa visima. Binti yake, mjukuu wangu, alisomea mawe, na siku moja akarudi nyumbani ametumwa na mradi: tukubali taka za kinu cha nyuklia zifukiwe chini kabisa ya mji wetu. Kuanzia siku hiyo baba mtu akamnyamazia. Meza moja, sahani zinagusana, lakini chumvi wanaombana kupitia kwangu.

"Mama, mwambie huyo mtaalamu anisogezee kikopo."

"Bibi, mwambie baba kiko mbele yake."

Siku ya mkutano wa mwisho ukumbi wa shule ulifurika hadi madirishani. Shauri lilikuwa moja tu: turuhusu mashine itoboe mwamba kuuchunguza, au mradi ufungashe virago. Na mwenyekiti wa wakazi alikuwa mwanangu huyohuyo. Asubuhi, mjukuu akipiga pasi blauzi yake, aliniambia, "Bibi, wakikataa, poa. Ila baba akinifukuza mbele za watu, sijui nitarudi vipi humu ndani."

Hilo ndilo nililokwenda nalo mkutanoni.

Ukumbini, mjukuu alianza vizuri. Alisema taka zenyewe tunazo tayari, zimelazwa kwenye mabwawa pale kinuni, ng'ambo ya barabara, tangu baba yake anavaa kaptula. Zitabaki na sumu maelfu ya miaka, na hakuna mlinzi wa kukaa getini muda wote huo. Bora zifungwe ndani ya vyuma vizito, zizungushiwe udongo wa mfinyanzi, zilazwe kwenye mwamba, chini kuliko kisima chochote.

"Na maji yangu?" akauliza dobi.

"Salama kabisa, mjomba."

"Tetemeko je?"

"Limeshapigiwa hesabu, shangazi."

"Na baada ya miaka elfu kumi?"

"Msiwe na wasiwasi."

"Kwani wewe utakuwepo?" akadakia kinyozi, na ukumbi ukaangua kicheko kibaya.

Kila swali lilikuwa na jibu lililopakwa mafuta, na kila jibu liliwazidishia watu kununa. Mwanangu akashika kengele afunge mkutano. Nikanyoosha mkono.

"Mama, uliza swali. Vitendawili hapana," akasema. Ananijua.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" ukumbi mzima, hata waliovimba kwa hasira.

"Nina nyumba haina mlango wala dirisha, fundi wake simjui, na wageni wakilala humo hawatoki."

"Mwamba, Bibi," mjukuu akajibu, anatabasamu kidogo.

"Umepata. Haya cha pili: ukuta wake una ufa?"

Tabasamu likamwishia. Akamtazama mkubwa wake wa kazi aliyekaa safu ya mbele, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Hicho sijui, Bibi. Hakuna anayejua. Ndiyo maana tunaomba kutoboa."

"Basi sema nilivyokufunza utotoni."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

Hapo watu walicheka hadi benchi moja likaanguka, maana aliyekuja kutuomba mji sasa anadaiwa mji. Mjukuu naye akacheka, akijifuta macho.

"Chukua huuhuu, Bibi. Ni wenu. Tukikuta ufa, tunaondoka. Na mkibadili mawazo kazi ikiwa katikati, mkasema basi, tunaondoka pia."

"Hilo la kusema basi limetoka wapi?" akauliza mwanangu.

Mkubwa akasimama, anakohoa. "Lipo, mwenyekiti, tena kisheria. Tuliogopa tukilisema mtalitumia."

"Ehee!" kinyozi akapiga paja. "Angalau huyu kasema kweli leo."

Mwanangu aliweka kengele chini. Akamgeukia bintiye, moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

"Mimi sijawahi kumwahidi mtu maji kabla sijachimba. Kwa nini wewe uliahidi?"

"Walitukataza kusema hatujui, baba."

"Mawe yatakayotoka, nani atayaona?"

"Tunayapanga kwenye masanduku, maabara."

"Yapangwe hapa shuleni kwanza. Kila mtu aje ashike, aangalie nyufa kwa macho yake. Tukubaliane hivyo ndipo nipigishe kura."

Akamtazama mkubwa, mkubwa akaitikia. Mikono ikaanza kupanda, wa dobi kwanza, kisha safu za nyuma. Kinyozi alinyanyua nusu mkono, akasema nusu nyingine ataileta akiyaona hayo mawe. Wapo waliokataa, na hawakuzomewa. Ruhusa ilikuwa ya kutoboa tu. La kufukia litakuja na mkutano wake.

Tulitoka jua bado kali. Baba na binti walitangulia, wanabishana mashine isimame wapi, baba anaonyesha kwa kidole upande wa uwanja, binti anatikisa kichwa, "Hapana, baba, hapo udongo ni laini mno." Waliniita niongeze mwendo. Nikawaambia kiatu kinanibana, nikazidi kutembea polepole.