Anwani ya Kezia

Orville Gaines alibeba barua za watu miaka thelathini na mmoja, na mtu wa posta akistaafu, udadisi haustaafu naye. Ofisi ya elimu ya wilaya ya Harwell ilipotafuta mtu wa kuchunguza kama wanafunzi kweli wanaishi ndani ya mpaka, akaidaka kazi ile kwa mikono miwili. Mkewe akacheka: "Haya, umbeya wako umepata cheo!"

Jina la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa Kezia Mabry, darasa la saba, anayekaa kwa shangazi yake, Barabara ya Birch, namba kumi na nne. Asubuhi tatu Orville alikaa garini akitazama mlango ule. Alitoka shangazi, akatoka mbwa. Kezia, wapi! Lakini shuleni aliambiwa kwamba binti hufika kabla ya walimu, akishuka kwenye basi la mjini, litokalo ng'ambo ya mto, nje ya wilaya.

Hilo tu lilitosha kumfukuzisha shule. Ila kuna kitu kilimkwama Orville kama uzi wa nyama kwenye jino. Kila asubuhi Kezia aliwagawia wenzake jemu, vile vipakiti vidogo vya kubandua kwa kidole. Jamani, jemu ya nyumbani si huwa kwenye chupa? Mtoto anavitoa wapi, tena kila siku ya Mungu?

Jioni ya nne akapanda basi nyuma yake. Kezia akashuka, akaingia kwenye gesti ya kando ya barabara kuu. Orville akachungulia dirisha la chumba cha kulia. Mezani palikuwa na bakuli limejaa vipakiti vya jemu.

"Kumbe!" akasema peke yake, na furaha ya kugundua ikamtoka palepale.

Akaulizia mapokezi, akabisha hodi chumba namba tisa. Mama yake Kezia, Odessa, akafungua mlango kidogo. Aliposikia neno wilaya, akaurudisha mlango ukabaki ufa.

"Sisi tunakaa Birch kumi na nne. Hapa tumekuja kumsalimia mtu."

"Salamu zimeanza lini, mama?"

"We mzee, maswali yako kama ya mkwe!"

"Mlikaa wapi kabla ya hapa?"

Odessa akasema: Mtaa wa Tyler, ndani ya Harwell, miaka sita, mpaka nyumba ikauzwa wakatolewa. Kwa shangazi ni nyumba za wazee, watoto hawaruhusiwi kulala.

"Basi mbona unadanganya?" Orville akashangaa. "Uongo ndio utakaomfukuzisha. Aliyepoteza makazi sheria inamwacha shuleni kwake, na basi la shule linamfuata hukohuko aliko. Andika tu kwenye fomu hii kwamba hamna nyumba."

"Niandike mwanangu hana kwao? Kwa mkono wangu huu?" Machozi yalimlengalenga. "Nafua sare yake kwenye sinki kila usiku ili mtu asijue!"

Orville alijiona mjinga, kuchungulia aibu ya watu kisha kuwafundisha sheria mlangoni.

Sauti ikatoka ndani. "Mama, andika. Nimechoka kukariri Birch."

Odessa akamgeukia bintiye. Akapokea fomu na kalamu ya Orville, akaandika polepole: *Hatuna nyumba. Tuko gesti, chumba namba tisa.*

Jumatatu ya pili basi la njano likasimama mbele ya gesti. Orville alikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuwa na kazi pale, lakini angewezaje kutokuja? Nyuso za wanafunzi zikajibandika madirishani mwa basi. Nyuma ya pazia Odessa aliziba mdomo kwa kiganja. Kezia alisimama mlangoni kidogo, akavuka uwanja, akapanda.

"Kezia! Kumbe unakaa hapa?" mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo, nakaa hapa." Akafungua mkoba. "Nani anataka jemu?"