Mpinzani kutoka Ukumbini

Siku Eldrid Hovland alipotetea tasnifu yake ya udaktari pale Skarvnes, kaskazini mwa Norwei, theluji ilikuwa inayeyuka na wageni walikung'uta viatu mlangoni. Tasnifu ilihusu namna bongo za wanyama zinavyotumia mafuta. Ubongo wa panya, alieleza, hauyagusi sana. Wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi anayezama kilindini, huyachoma mnyama akiwa juu penye hewa, na sukari huiweka akiba ya kuzamia.

Profesa Hauke, mpinzani aliyealikwa kutoka Ujerumani kuihoji tasnifu, hakukubali hata chembe.

"Binti, ubongo ni ubongo. Bongo zote ni walevi wa sukari. Hayo mafuta umeyaokota jikoni kwako?"

Watu walicheka. Eldrid aligeukia michoro yake ukutani. Akishindwa hapa, miaka yake yote ya maabara imekwenda na maji.

Kama desturi inavyotaka, mkuu wa kitivo aliuliza kama yupo mpinzani mwingine ukumbini. Kwa kawaida hajibu mtu. Watu huwa wanawaza keki. Safu ya nyuma, sili mmoja wa kike aliinua pezi.

"Jitambulishe, mama."

"Ubongo ulio kwenye mchoro wake wa pili ni wangu."

Mkuu aliandika. Mhudumu alinung'unikia maji aliyoyaacha sili sakafuni.

"Ila ninayempinga ni Profesa," alisema sili. "Leteni ndoo mbili za maji, tuzame sote."

Hauke alitumbukiza kichwa kwa ajili ya heshima yake, akaibuka papo hapo akihema. Sili alikaa humo mpaka kahawa ikapoa. Ni kweli kichwa chake kilikuwa kitupu, lakini mazoea hayatoki.

"Kule chini nilikuwa kwenye sukari," alisema alipoibuka. "Sasa napumua, nachoma mafuta. Alivyoandika ndivyo."

Hauke alijifuta nywele, akasimama. "Nimekubali, Dokta."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Eldrid alilia mbele ya watu kwa furaha tupu.

"Kama mmemaliza," alisema sili, "naomba ubongo wangu."

Mkuu alimweleza kwa upole kwamba vilivyomo kwenye friza ni mali ya chuo, tena ubongo wenyewe umeshakatwakatwa.

"Vipande vilivyobaki?"

"Hivyo ndivyo tunavyovihitaji, mama."

Eldrid alimkatia sili kipande kinono cha keki ya lozi.

"Hongera, Dokta," alisema sili. "Mtarudi kule barafuni mlikoniwinda?"

"Jumatatu," alisema Eldrid, uso bado unamwaka kwa furaha. "Baada ya leo watatupatia meli kubwa zaidi."

Sili alimtakia safari njema, akaomba afunguliwe mlango, awahi kufika barafuni kabla ya Jumatatu.