Mkono Safi

Umewahi kuwashwa pua ukakatazwa kujikuna? Basi hiyo ndiyo kazi ya mwanangu wa kwanza. Hutengeneza asidi za fenoli, zile ambazo mmea huziweka kwenye shina ili likaze, ila za kwake zina mionzi, ili wataalamu waone zinakokwenda mwilini zikishaliwa. Huikata miche ya ngano ndani ya maji, kila shina hulisimamisha kwenye kichupa chembamba, kisha hutia tone la dawa yenye mionzi. Mche huinywa, na ndani yake ndimo asidi inamopikwa. Tone likikaribia kuisha, upesi hutiwa maji kidogo. Shina likivuta hewa halinywi tena, na dawa imekwenda bure.

Hufanya kazi wawili. Mkono mchafu, ndiye mwanangu, huvaa glavu, hushika dawa, wala haugusi kingine. Mkono safi hufungua milango, huwasha taa, hupokea simu. Mkono safi ni mjukuu wangu, binti wa dada yake huyo mwanangu. Miaka mitatu ametamani kushika dawa yeye, lakini amwanzeje mjomba aliyemtafutia kazi?

"Mjomba akiwashwa, anayemkuna ni mimi," huniambia, kicheko nusu.

Siku hiyo jasho lilimtoka mjomba mtu, miwani ikateleza. Binti alikuwa amegeuka kuzima feni. Mjomba akasahau glavu, akaisukuma miwani kwa kidole, kama afanyavyo mezani kwangu. Binti akageuka, akakikuta kidole bado kipo kwenye fremu.

"Mjomba."

"Nini?"

"Umeshika miwani."

Binti akaleta kipima mionzi. Puani kimya, kwenye fremu kikalia. Miwani ikavuliwa, ikatiwa kwenye mfuko wa vitu vilivyochafuka. Na mwanangu bila miwani haoni hata sahani yake.

Vichupa vilikuwa vinakaribia kukauka.

"Wewe nielekeze tu, nitie maji," akasema mjomba.

"Kushoto. Kidogo tena."

"Hapa?"

"Hapo ni mezani, Mjomba."

Akajaribu tena, maji yakamwagika kando.

"Bibi yako akisikia atanicheka."

"Atacheka sana."

Kichupa cha kwanza kilibaki na unyevu tu chini. Binti akavuta glavu kwenye boksi, akavaa jozi mbili, moja juu ya nyingine, kama inavyotakiwa.

"Mjomba, vua zako, leo uwe mkono safi," akasema. "Nataka kushika mimi. Nimetaka tangu mwaka wa kwanza."