Mkono wa Pasta

Katika kanisa la Wakongomani pale mtaani Saltley, Uingereza, mpiga drams alikuwa na sheria moja tu: haachi kupiga mpaka Pasta Cyriaque anyanyue mkono. Aganze, aliyezipiga drams za hapo tangu utotoni, alikulia ndani ya sheria hiyo.

Mwaka 2004 alijiunga na bendi ya roki ya vijana watatu wa Kiingereza, wote suruali za kubana na nywele machoni. Onyesho lao la kwanza lilikuwa kwenye baa moja ya Kings Heath, mbele ya watu wachache waliokuja kunywa bia yao na wala si kusikiliza mtu. Wimbo wa mwisho ukaisha, magitaa yakanyamaza. Aganze, kwa mazoea, akaendelea kutwanga huku macho yakitafuta mkono. Wanywaji wakageuka. Wakaanza kupiga makofi, kisha kurukaruka, na wenzake kwa aibu wakayarudia magitaa.

"Mbona hukuacha?" Callum, mwimbaji wao, alimuuliza wakifungasha vyombo.

"Hakuna aliyenyanyua mkono."

Callum alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo wakawa wanamaliza hivyo kila mahali, na watu wakawa wanaujia huo mwisho usiokwisha. Mwaka uliofuata wimbo wao ulikuwa redioni, na gazeti moja la muziki likamsifu Aganze kwa ujasiri wake wa kukataa kuacha. Alilisoma ndani ya basi, akalikunja, hakumwonyesha mtu.

Jumapili yake alikuwa kanisani, nyuma ya drams zilezile. Kwaya ilimaliza, Pasta akanyanyua mkono. Aganze aliuona vizuri kabisa. Akainamisha kichwa, akaendelea kupiga.